Pius wa Bukoba, Adui Yangu wa Meza ya Dirishani

Miye Pius simpendi. Naliweka hilo mbele kabisa, asije mtu akasoma mpaka mwisho akingoja pale nitakaposema tulikuja tukapatana. Hatukupatana, wala sina mpango huo. Ila wafanyabiashara wa Dar na Unguja wakinikuta hapa Guangzhou huniuliza, "Fathiya, yule Mhaya wenu yuko wapi siku hizi?" Wananiuliza kana kwamba alikuwa mume wangu. Basi nitatoa habari zake zote, nimalize, nisiulizwe tena.

Pius amezaliwa Bukoba, baba yake mwalimu. Akapelekwa seminari, na huko ndiko alikojifunza mambo mawili: kupiga pasi shati na kudharau watu. Upadri ukamshinda, akasoma kompyuta, akapata ufadhili wa kuja China kufanya shahada ya pili, akamaliza, akabaki. Wahaya mnawajua. Mhaya akianguka matopeni atakwambia alikuwa anapima kina. Huyu wangu kila sentensi aliianza na neno "kimsingi". Kimsingi chai imepoa. Kimsingi, Fathiya, umekosea. Jumapili alikwenda kuimba besi kwaya ya kanisani, Jumatatu anarudi ofisini bado anaunguruma kooni, na kopo lake la senene, wale panzi wa kukaanga wa kwao, kaliweka mezani, anatafuna, kacha kacha, nami nafanya kazi ya kutumia akili.

Ofisi ilikuwa ya Mzee Msabaha, msafirishaji wa mizigo. Ghorofa ya saba, Zhanqian Road, juu ya maduka ya viatu vya watoto, pale ambapo lifti hujaa marobota mpaka watu wenyewe wanapanda ngazi. Mzee Msabaha ni mtu wa Kariakoo, mnene, mcheshi, tasbihi mkononi na simu kadhaa mezani. Wachina wa mtaa ule humwita laoban, yaani bosi, na yeye hulipenda jina hilo kuliko alilopewa na babake. Mimi nilikuwa meza ya mlangoni, Pius ya dirishani. Dirisha lile nililitaka mimi, nilitangulia kufika ofisini pale, lakini tuliache.

Wakati ule matapeli walikuwa wamewashika wateja wetu pabaya. Mama anaagiza jinzi Xintang, mji wa viwanda vya jinzi, anaandikiana na kiwanda kwenye simu wiki nzima, bei wamekubaliana, rangi wamekubaliana. Siku ya kulipa unaingia ujumbe: mteja wetu mpendwa, akaunti ya kiwanda imebadilika, tuma huku. Picha ni ya mwenye kiwanda, jina ni lake, hata vile vikatuni vya maua anavyopenda kutuma navyo vimo. Mama anatuma. Kiwanda kinasema meiyou, hakuna, hatujaona kitu. Hapo tena ni vilio, na kila kilio kilikuja kuliliwa ofisini kwetu, kwa sababu mzigo usiolipiwa hausafirishwi.

Mzee Msabaha akatuita sote wawili. "Wanangu," akasema, "nataka programu ya kuwalinda wateja wangu kwenye simu zao. Fathiya, tengeneza yako. Profesa, tengeneza yako." Profesa ndilo jina alilompa Pius, na Pius aliliamini. "Sasa nisikilizeni vizuri. Vibali vyenu vya kazi vinaisha mwezi wa tano, nyote. Kampuni yangu hii ndogo, na mwaka ujao nina nafasi ya mtaalamu mmoja tu. Programu itakayoshinda, mwenyewe anabaki. Atakayeshindwa akawasalimie nyumbani."

Aliyasema huku akitabasamu, utafikiri anagawa halua.

Mimi nilikuja nchi hii nikiwa msichana. Kichina ninakisema mpaka madereva wa teksi wanageuka kunitazama. Kompyuta nimesomea hapa, utu uzima umenikutia hapa. Na nyumbani, kaka yangu Maulid ana duka la simu Darajani, ameshaniambia kiti changu kipo: cha kuwatilia watu nyimbo kwenye simu zao. Wallahi nilikiota kile kiti. Kwa upande wake Pius alikuwa ameiambia Bukoba nzima kwamba yeye ni mhandisi mkubwa wa China. Kurudi mikono mitupu asingeweza, wangemcheka mpaka migomba. Kwa hiyo hapakuwa na adabu tena kati yetu. Ni yeye au mimi.

Yangu niliiita Komeo. Kazi yake ya kwanza ilikuwa rahisi: inakumbuka kila akaunti ambayo mteja amewahi kulipia, na ikija ngeni inamkamata mkono. Nikamwonyesha mzee, akafurahi, akanisifu, halafu akakatiza chumba kwenda dirishani. Nikamsikia, "Profesa, ya mwenzio inakumbuka akaunti. Yako je?"

Ya Pius iliitwa Ngao, jina la daftari la shule. Baada ya siku chache Ngao nayo ikawa inakumbuka akaunti, na juu ya hapo ilikuwa inatazama hata namna ujumbe ulivyoandikwa. Mwenye kiwanda ambaye siku zote huandika mkatomkato, leo kaandika barua ndefu? Ngao inapiga kelele. Mzee akaja kwangu, tasbihi inahesabika. "Mwanangu, ya mwenzio inajua mpaka tabia za watu. Yako inajua nini?"

Nililala na hasira, nikaamka na jibu. Wateja wetu maonyo hawasomi. Ukimwandikia mama wa Kariakoo onyo jekundu kwenye kioo, analifuta kama anafukuza nzi. Basi nikaifanya Komeo izungumze. Nikarekodi sauti yangu mwenyewe, kwa Kiswahili cha kwetu: "Mama, tafadhali usitume. Hebu mpigie kwanza." Jamani, walivyoipenda! Mmoja aliniambia anaijaribu makusudi ili anisikie. Pius akacheka, akasema kimsingi huo ni mchezo wa watoto. Wiki ile ile Ngao ikaanza kusema, na si Kiswahili tu, na Kilingala kwa ajili ya Wakongo, tena kwa ile besi yake ya kwaya. Mwizi wa mchana kweupe! Wakongo wakahamia kwake wote.

Ndivyo tulivyokwenda. Sitaki kumsifu, lakini ukweli una haki yake: mtu yule alinitoa jasho. Usiku nikiwa nyumbani nilikuwa sifikiri matapeli, nilimfikiri yeye. Anaandika nini sasa hivi? Ameshaliona hili? Nikipata wazo zuri furaha yangu ya kwanza ilikuwa uso wake utakavyokuwa. Na yeye vivyo hivyo, maana kila nikirudi kutoka chooni nilikuta kiti chake kimesogea upande wa kioo cha kompyuta yangu.

Rafiki yangu Muzdalifa, anayenunua nguo za watoto hapo mtaani, akanionya. "Shoga, vita vya panzi furaha ya kunguru. Huyo mzee wenu anawatazama tu." Nikamwambia anyamaze, hajui mambo ya kompyuta. Na kweli hayajui, lakini mambo ya wazee wa Kariakoo anayajua.

Kisha mzee akaleta mashindano. Kila mmoja aivunje programu ya mwenzake, mbele ya wateja, Jumamosi, soda na sambusa juu yake. Ofisi ikajaa kama harusi.

Pius alianza. Mimi nilikuwa nimeiongezea Komeo jambo nililoliona la mwisho wa maarifa: akaunti ikibadilika, mwenye kiwanda lazima atume ujumbe wa sauti akisema akaunti ni yake, na Komeo inaijua sauti yake. Mhaya yule akafanya nini? Akafunga safari mpaka Xintang, akajifanya mnunuzi wa jinzi kutoka Bukoba, akambana mwenye kiwanda juu ya bei, nusu siku nzima. Tai gui le, ghali mno, punguza, tai gui le! Mchina wa watu akapandwa na hasira, akayasema maneno yote aliyoyataka Pius, "akaunti" ndani yake, "yangu" ndani yake, "lipa" ndani yake. Simu ya Pius mfukoni inarekodi. Akayakata, akayaunga, akayacheza mbele ya watu. Komeo langu likafunguka lenyewe, na kwa sauti yangu mimi likasema, "Haya mama, tuma salama."

Walicheka. Kuna aliyemwaga soda. Pius akanipandisha na kunishusha kwa macho, akasema, "Kimsingi sauti ni sauti tu." Nilitoka nje kwenye ngazi nikalia kwa ghadhabu, nikapangusa uso, nikarudi. Siku zilizofuata nikaifanya Komeo iulize: kila mara swali jipya, juu ya jambo walilozungumza mteja na kiwanda siku ile ile, na jibu litoke kwa sauti papo hapo. Rekodi haina jibu la swali ambalo halijaulizwa. Bila aibu ile nisingelifikia hilo kamwe, na bado simshukuru.

Jumamosi iliyofuata ikawa zamu yangu. Ngao ilikuwa na nguvu, nilikuwa nimeizunguka wiki nzima bila kuona mlango. Ikishuku jambo, ilikuwa inapeleka namba za siri kwenye laini ya simu ya mteja, na bila namba zile hufungui kitu. Nilikuwa nimekata tamaa, mpaka Muzdalifa akaja kunitaka nimsomee ujumbe wa Kichina. Nikaitazama simu yake. "Hii laini ni yako?" Akasema, "Hasha, hii ya Mwanahija. Amekwenda Dar kufunga Ramadhani, kaniachia."

Mtume! Nilikuwa nakijua kitu hicho maisha yangu yote hapa. Sisi watu wa biashara laini ya China hatuitupi. Kuipata ni pasipoti, foleni, na maswali. Mtu akirudi nyumbani humwachia mwenzake, mwenzake humwachia shemeji, laini inarithiwa kama kanga. Mwanahija huyo hata yeye alirithi. Pius hakulijua hilo. Yeye laini yake alipewa chuoni, na wafanyabiashara alikuwa hakai nao, aliwaona washamba. Kwake yeye namba ya simu na mtu ni kitu kimoja.

Mbele ya ofisi nzima nikachukua simu yoyote tu, nikaingiza jina la Mwanahija, nikajifanya mimi ndiye. Ngao ikashuku, ikapeleka namba zake kwa Mwanahija. Simu ikalia mkobani mwa Muzdalifa, kiti cha nyuma, na Mwanahija yuko Dar anapika futari. Muzdalifa akazisoma kwa sauti, mojamoja. Ngao ikafunguka. Nikageuka nikawauliza wateja, "Nani mwingine humu ana laini ya mwenziwe?" Mikono iliyoinuka, mtu angedhani nagawa nauli.

Pius hakusema kimsingi. Na mimi, Mungu anisamehe au asinisamehe, nilifurahi mpaka nikapiga kigelegele. Mzee Msabaha akamgonga bega, "Profesa, asiyekubali kushindwa si mshindani." Kibali kikawa changu.

Sasa lisikilizeni hili, ndilo linaloniuma. Mtu ameshashindwa, siku zake zinahesabika, na bado alikaa pale dirishani akaandika. Haendi kula, senene hagusi. Kabla hajaondoka alikuwa ameitengeneza Ngao upya: haitumi tena namba kwenye laini, inamjua mtu kwa vile anavyobonyeza simu yake, haraka yake, vidole vyake, makosa yake ya kila siku. Muzdalifa akishika simu ya Mwanahija, Ngao inajua huyu si Mwanahija. Niliisoma kazi ile kwenye kioo chake, nikaona wivu tumboni kabisa, kama njaa. Ilikuwa nzuri kuliko kitu chochote nilichokiandika mimi. Na asingeiandika kama nisingemuaibisha.

Mzee akamwambia, "Iache humu humu, Profesa, itatufaa." Na mimi nikaagizwa kuiunganisha na Komeo. Niliunganisha.

Siku ya kuondoka Pius alisimama mlangoni, shati limenyooka, sanduku mkononi. "Kimsingi, Fathiya, wewe ni mtu mbaya," akasema.

"Na weye una kiburi, na mdomo wako unanuka senene."

"Bila wewe ningekuwa bado natuma zile namba kwa meseji."

"Nenda, utaachwa na ndege."

Akaenda. Uwanjani alisindikizwa na Gaudiosa, mwenzake wa kwaya. Mimi sikwenda.

Nikahamia meza ya dirishani. Wateja wote wakawa na Komeo, ndani yake Ngao, na kwa miezi mingi hapakusikika kilio. Lakini matapeli hawalali. Nikaanza kusikia kwa Wachina kwamba sasa wanatengeneza uso wa mtu kabisa, unamwona anaongea na wewe kwenye video, na si yeye. Nikamwendea mzee na mpango wangu. Akauliza, "Hicho nani anacho?"

"Hakuna bado, ndiyo maana nataka tuwahi."

"Kama hakuna aliye nacho, cha nini mwanangu? Nenda kaandikishe mizigo."

Nikarudi na wazo jingine. Nani anacho? Hakuna. Kaandikishe mizigo. Nikajikuta nakaa mbele ya dirisha nililolipigania, nahesabu marobota ya soksi, na Komeo lilikuwa limelala vile vile nilivyoliacha. Nilikuwa nageuka upande wa meza ya mlangoni kutazama nani ananiibia mawazo. Palikuwa na katoni tu.

Mwaka ukazunguka. Nikampelekea mzee pasipoti yangu ili ahuishe kibali. Hakuipokea. Akaniketisha, akaniagizia chai, akanipa boksi la tende. Hapo nikajua.

"Safari hii sihuishi, Fathiya. Nenda nyumbani ukapumzike."

"Nimefanya kosa gani, mzee? Programu yangu si ndiyo iliyoshinda?"

"Imeshinda, na imekamilika. Mmeikamilisha wawili."

"Programu ya ulinzi haikamiliki! Wezi wanaamka kila siku na jambo jipya!"

Akacheka kwa upole, kama mtu anayemkanya mtoto. "Mwanangu, mimi sikuwa nakulipa kwa programu. Nilikuwa nakulipa kwa ugomvi. Ugomvi ulikuwa mtamu, kila asubuhi naletewa kitu kipya bila kuomba. Profesa kaondoka, na ugomvi kaondoka nao. Sasa nikulipe kwa nini?"

"Na ile nafasi ya mtaalamu mmoja?"

Akatazama tasbihi yake. "Nafasi zilikuwepo, za nyote wawili," akasema. "Lakini mngegombana kweli kama ningewaambia?"

Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki. Nikashuka ngazi za ghorofa zote saba, nikavuka mpaka upande wa stesheni ya Liuhua, katikati ya watu na mabegi, nikasimama. Simu mkononi. Ningeweza kumpigia kaka Maulid, au Muzdalifa. Nikampigia Pius.

"Wamenifukuza," nikasema, hata salamu sikutoa.

Akacheka. Alicheka Mhaya yule mpaka akakohoa, na mimi nikamwacha amalize. Kisha akasema, "Kimsingi, Komeo lako lina tundu."

"Muongo mkubwa!"

"Nililiona kabla sijaondoka. Nililiweka akiba kwa Jumamosi ya tatu. Haikuwepo ya tatu."

"Liko wapi?"

"Sikwambii."

"Pius, kuna watu humo. Mwanahija yumo."

"Nimeshamwandikia Msabaha. Kanijibu programu imekamilika."

"Basi niambie miye!"

"Wewe tafuta," akasema. "Ukilikosa, aliyestahili kubaki ni mimi."

Akakata. Baradhuli! Nilitamani kuitupa simu relini.

Kibali changu kinaisha wiki ijayo. Sina mshahara, kaka Maulid ameshakipangusa kile kiti cha Darajani, na hakuna mtu duniani anayenitaka niandike hata mstari mmoja. Toka siku ile niko kwenye mgahawa wa Mhui mmoja, Mchina Mwislamu, hapa Liuhua, nakala ya Komeo iko mbele yangu, naipekua tangu asubuhi mpaka wanapandisha viti juu ya meza. Nimekwisha kuona mahali kadhaa palipolegea, nimepaziba, na kila ninapoziba nawatumia Mwanahija na wenziwe Komeo iliyozibwa, bure, mzee asijue. Tundu analosema Pius bado sijaliona. Nitaliona tu. Na siku hiyo nitampigia, alfajiri ya kwao Bukoba, nimwamshe usingizini, nimtukane.